Uchambuzi wa kisa: mtoto aliyepoteana na familia yake katika mbio za asubuhi ya Uhuru, Mwanza

Kisa hiki kinahusu mbio za mtaa zilizofanyika asubuhi ya tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru, katika kata moja ya Ilemela jijini Mwanza. Katika mbio hizo mvulana wa miaka 8 alipoteana na familia yake, na kwa zaidi ya nusu saa hapakuwa na ndugu yake hata mmoja aliyejua aliko. Alipatikana akiwa mzima, bila hata mchubuko, na ndiyo sababu wahusika waliridhia mambo yao yaandikwe. Majina ya watu, ya klabu na ya uwanja yameondolewa, mwaka hautajwi, na kila mtu anaitwa kwa nafasi aliyokuwa nayo siku hiyo. Kamati ya waandaaji iliniomba niwahoji walioshuhudia na kuyapanga maelezo yao kwa mfuatano. Kwa hiyo saa zinazotajwa humu ni za kukadiria, isipokuwa zile zilizosomwa kwenye kumbukumbu za simu.

Nilivyoyaelewa maelezo hayo, mbio za familia mara nyingi haziharibiki kwa sababu ya mwendo wala kwa sababu ya magari. Huharibika pale ndugu wanapoachana na pale wanapotakiwa kukutana tena, na hapo ndipo kamati hii, kama kamati nyingi, ilikuwa imeweka watu wachache kuliko mahali pengine popote.

Usuli

Waandaaji ni klabu ya jogging ya mtaa, yenye walimu, wauguzi, madereva na wafanyabiashara wa samaki, ambayo hukimbia pamoja kila Jumamosi alfajiri kwa nyimbo za mchakamchaka. Siku za sikukuu klabu huandaa mbio zenye namba za kifuani, fulana na medali. Si mashindano makubwa kama Rock City Marathon ya hapa Mwanza, yanayoleta wakimbiaji kutoka nje ya mkoa. Hapa anayepima njia ndiye anayenunua ndizi, na jioni ya siku iliyotangulia bado yumo kazini kwake.

Mwaka huo kamati ilianzisha fomu ya familia, ambapo familia ya watu hadi watano ililipa ada moja na kupewa namba tano zinazofuatana. Wazo lilipokelewa vizuri mno. Shule zilikuwa zimefungwa, wazazi walikuwa nyumbani, na kati ya washiriki karibu mia nne waliojitokeza watoto walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Daftari la uandikishaji, hata hivyo, lilibaki na nafasi za fomu ya zamani: jina la aliyelipa, simu ya aliyelipa, na namba ya kwanza ya familia. Watoto hawakuandikwa popote.

Kulikuwa na mbio tatu: kilomita 10, kilomita 5, na kilomita 2 za watoto pamoja na mzazi au mlezi. Njia ya kilomita 2 ilikuwa kwenda na kurudi kwenye barabara ile ile. Njia ya kilomita 5 ilianza na kipande hicho hicho, lakini ilipofika mahali pa kugeuzia watoto iliendelea mbele, ikaingia mitaa ya ndani, ikazunguka na kurudi uwanjani kwa upande wa pili. Anayekimbia kilomita 5, kwa hiyo, akishapita pale hakutani tena na mtu wa kilomita 2. Umbali ulipimwa kwa mita ya pikipiki, jambo ambalo lingemkera mkimbiaji wa ushindani lakini halina uzito katika kisa hiki.

Kuhusu saa ya kuanza kamati ilikuwa makini, na inafaa kueleza kwa nini, maana waandaaji wengi wa Kanda ya Ziwa huiga ratiba za Dar es Salaam. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, lakini Mwanza iko magharibi zaidi, na mwanzoni mwa Desemba jua lake huchomoza muda mfupi baada ya saa 12:30 asubuhi, nusu saa hivi nyuma ya Dar es Salaam. Mbio za saa 12:00 kamili, ambazo kule Pwani hukuta mwanga, hapa humaanisha watoto barabarani gizani. Ratiba ikapangwa hivi: kilomita 10 saa 12:45, kilomita 5 saa 1:00, na kilomita 2 saa 1:15, ili watu wazima wawe wameshaondoka kabla watoto hawajaachiwa. Kibali cha polisi kilizuia magari katika sehemu ya barabara kuu hadi saa 3:00.

Familia inayohusika ilikuwa na watu sita. Baba aliandikishwa kilomita 10. Mama alikimbia kilomita 5 na binti yao wa miaka 13. Mvulana wa miaka 8 alipangiwa kilomita 2 pamoja na mama yake mdogo. Bibi, ambaye hakukimbia, alipewa kiti chini ya turubai na kulinda mabegi ya wote, na makubaliano yalikuwa kwamba kila anayemaliza aende moja kwa moja kwa bibi. Katika maelezo ya asubuhi nzima sikuona mpango wa kukutana uliokuwa mzuri kuliko huo, ukiwemo wa kamati. Jambo moja dogo lilijitokeza nyumbani usiku: mvulana alitaka kukimbia na dada yake, akaambiwa kilomita 5 ni nyingi kwake, akanuna, akalala.

Yaliyotokea kabla ya kuanza

Usiku wa kuamkia sikukuu ilinyesha, kama kawaida ya vuli pembezoni mwa ziwa, na maji yaliyoteremka kwenye vilima vya miamba yaliacha mchanga na kokoto katika kona moja ya lami. Mkuu wa Njia aliwahi, akaikagua, akaifagia na vijana wake, akaweka koni. Kazi hiyo ilifanyika vizuri na hakuna aliyeteleza.

Saa 12:15 uwanja ulikuwa umejaa. Mshereheshaji aliwaamsha watu kwa "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na uwanja ukamjibu. Saa 12:40 mgeni rasmi akapiga simu kwamba yuko njiani na anaomba asubiriwe. Mratibu aliamua kusubiri. Alinieleza sababu zake bila kuzunguka: mgeni huyo ndiye aliyesaidia kupatikana kwa kibali na ndiye aliyechangia medali, na kuanza mbio bila yeye kungeonekana ni utovu wa adabu ambao klabu ingeulipia mwaka unaofuata. Ni sababu za kweli, na anayezidharau hajawahi kuandaa shughuli ya mtaa. Tatizo ni kwamba hakujiwekea kikomo cha kusubiri.

Mgeni alifika saa 1:20, akasema maneno machache, na akapuliza filimbi ya kilomita 10 saa 1:30. Mratibu akapiga hesabu: mkimbiaji wa mwisho wa kilomita 10 huhitaji saa moja na nusu, na kibali kinaisha saa 3:00. Ili kuokoa muda aliamua kuziunganisha mbio za kilomita 5 na kilomita 2 ziondoke pamoja saa 1:40. Uamuzi huo ulichukua, kwa maelezo ya waliokuwa karibu naye, muda usiozidi dakika moja, na haukujadiliwa na Mkuu wa Njia, ambaye wakati huo alikuwa barabarani.

Tangazo lilitolewa kwa maiki. Spika zilielekezwa kwenye mstari wa kuanzia, ambako walisimama wakimbiaji wenye haraka, ilhali wazazi na watoto walikuwa nyuma, karibu na turubai, wakifungana viatu na kubandikana namba kwa pini. Wengi wao walijua kwamba mbio zimeanza pale walipoona watu wa mbele wanakimbia, wakajiunga.

Mahali pa kugeuzia

Pale pa kugeuzia watoto alisimama kijana mmoja wa kujitolea, mwanafunzi, mwenye bendera nyekundu na koni moja katikati ya barabara. Alikuwa ameelezwa kwamba watakaomfikia ni watoto na walezi wao tu, wakiwa peke yao, na kwamba kazi yake ni kuhakikisha kila mmoja anaizunguka koni. Walimfikia watu zaidi ya mia mbili kwa mkupuo, wa umri wote, wote wakiwa na fulana nyeupe za mbio na namba za rangi moja. Alipaza sauti, "Kilomita mbili, geuka! Watoto, geuka!" Lakini kulikuwa na watoto halali wa kilomita 5, kama yule binti wa miaka 13, nao waliendelea mbele. Kwa macho hakuwa na namna ya kuwatofautisha.

Mvulana alikuwa ametangulia hatua chache mbele ya mama yake mdogo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwona dada yake mbele, akaona watu wanampita kijana wa bendera upande wa kushoto, akapita nao. Mama mdogo alipofika aliona kundi la watoto wenye fulana nyeupe wakiizunguka koni, akaamini yumo, akageuka. Hakuna uzembe ninaouona hapo. Mtu anayekimbia huangalia mgongo ulio mbele yake, na asubuhi hiyo migongo yote ilifanana.

Alifika kwa bibi kama saa 2:02.

"Mama, mtoto ameshafika?"

"Hajafika, mwanangu. Si mlikuwa wote?"

Kutafutwa kwa mtoto

Mama mdogo alikwenda kwanza mezani pa kugawia medali. Wasichana wawili waliokuwa hapo walisema watoto waliopita ni wengi na wao hawaandiki namba, wanavisha medali tu. Akaenda kwa mshereheshaji, na tangazo likatolewa: mtoto wa kiume, miaka minane, amevaa fulana nyeupe na kaptula ya bluu. Ndani ya dakika chache wavulana watatu walikuwa wameletwa jukwaani, mmoja akilia kwa sababu ameshikwa mkono na mtu asiyemjua, na hakuna aliyekuwa yeye. Tangazo la kumtafuta mtoto kwa fulana ambayo waandaaji wenyewe wamewavisha watoto wote lingekuwa kichekesho kama si mazingira yenyewe.

Wakati huo mvulana alikuwa amefika kwenye kituo cha maji, karibu na kilomita ya tatu, amechoka, hamwoni tena dada yake, na analia. Mama aliyesimamia kituo, muuza genge wa mtaa huo, alimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa chini ya mwamvuli, akampa maji, akamuuliza jina na simu ya baba. Mtoto aliijua namba ya baba yake kwa kichwa. Yule mama hakuwa na salio, wala hakuwa na namba ya mtu yeyote wa kamati, akaazima simu ya mkimbiaji aliyekuwa anapita. Simu ilipigwa saa 2:09, na tena saa 2:11. Iliita ndani ya begi, miguuni pa bibi, kwa kuwa baba alikuwa ameiacha humo ili akimbie mikono mitupu. Bibi aliisikia mara zote mbili. Hakuipokea, kwa sababu hana desturi ya kupokea simu ya mtu mwingine.

Dereva wa bodaboda aliyekuwa amezuiwa karibu na hapo alijitolea kumrudisha mtoto uwanjani. Yule mama alikataa. "Alikuja kwa miguu," alimwambia, "ataondoka na mtu wake." Dereva alikasirika kidogo, kwani nia yake ilikuwa njema, lakini uamuzi ule ndio bora kuliko mwingine wowote uliofanywa asubuhi hiyo.

Uwanjani, Mratibu alifanya maamuzi matatu kwa haraka. La kwanza, kwa ushauri wa muuguzi wa klabu, aliwatuma vijana wawili ufukweni, ambako ni hatua chache tu kutoka uwanjani, wakaukague ukingo wote pamoja na wavuvi waliokuwapo. La pili, hakusimamisha mbio. La tatu, alimtuma pikipiki kupita njia yote ya kilomita 2, kwa kuwa mtoto alikuwa wa kilomita 2. Pikipiki ilikwenda na kurudi bila kumwona, na kurudi kwake mikono mitupu ndiko kulikomfanya mama mdogo aishiwe nguvu na kukaa chini.

Mama mzazi na binti walimaliza kilomita 5 kama saa 2:22. Mama alipoelezwa hakuuliza kuhusu nguo wala kuhusu koni. Alisema, "Huyo amemfuata dada yake." Pikipiki ikaondoka upya kwa njia ya kilomita 5, na saa 2:38 mtoto alikuwa amepatikana, bado amekaa kwenye ndoo. Alirudi na mama yake mdogo aliyepelekwa pale. Baba alikuwa akiukaribia mstari wa kumalizia muda huo huo, na alisikia maelezo ya mwanawe yakisomwa kwenye spika kwa mara ya mwisho kabla tangazo halijafutwa.

Matokeo

Mtoto hakupata madhara. Wakimbiaji wa mwisho wa kilomita 10 walipitwa na saa 3:00 wakiwa barabarani. Askari waliruhusu magari yapite, yakiwemo ya dagaa yaliyokuwa yamepanga foleni, na wakimbiaji hao wakamalizia pembeni mwa lami. Kuunganisha mbio, kwa maneno mengine, hakukuokoa hata muda uliokusudiwa, kwa sababu waliochelewa walikuwa wa kilomita 10, ambao hawakuguswa na uamuzi ule.

Vijana waliotumwa ufukweni hawakumpata mvulana, lakini waliwakuta watoto wengine zaidi ya kumi ndani ya maji, hakuna mtu mzima karibu nao, medali zikiwa zimetundikwa kwenye mtumbwi uliopandishwa nchi kavu. Nitalirudia jambo hilo hapa chini.

Uchambuzi

Wanakamati wengi waliponieleza kisa hiki walikianzia kwa kijana wa bendera. Mimi nakianzia saa 12:40, kwenye simu ya mgeni rasmi. Kusubiri kwenyewe hakukuwa kosa. Kilichokosekana ni kuamua mapema kwamba watu wakisubiri, ni kipi kitakachoachwa. Mratibu alibaki na mambo matatu yasiyoweza kukaa pamoja, yaani kibali cha saa 3:00, mbio za kilomita 10, na nafasi kati ya wakubwa na watoto, akalitoa lile ambalo halikuwa na mtetezi pale jukwaani. Wakimbiaji wa kilomita 10 wangelalamika. Polisi wangelalamika. Dakika zinazowatenganisha watoto na watu wazima hazilalamiki. Kama ingekuwa imeandikwa kwenye ratiba kwamba mbio zikichelewa zaidi ya dakika 20 kilomita 10 zitageuzwa kuwa mizunguko miwili ya kilomita 5 isiyogusa barabara kuu, angekuwa na cha kushika.

Kijana wa bendera alitimiza alichoagizwa. Agizo lake lilitegemea nafasi ile kati ya mbio, na nafasi ilipoondolewa hakuna aliyemwambia. Ni jambo la kawaida katika shughuli za kujitolea: uamuzi unabadilishwa jukwaani, na anayeubeba ni mtu wa mwisho kwenye mnyororo, tena mara nyingi aliye mdogo kuliko wote. Namba za rangi tofauti kwa kila umbali zingemsaidia hata katika vurugu ile, na gharama yake ni makapeni mbili.

Daftari ndilo lililoacha pengo kubwa zaidi. Kamati ilikuwa imeuza fomu ya familia, lakini ikaiandikisha familia kama mkimbiaji mmoja. Mtu mzima mmoja akilipa, simu yake ikaandikwa, kisha yeye mwenyewe akaenda kukimbia umbali mrefu kuliko wote huku simu ikiwa begini, basi familia nzima haipatikani. Simu inayotakiwa kuandikwa ni ya yule atakayebaki uwanjani, au ya anayekimbia na mtoto, na inatakiwa iandikwe nyuma ya namba ya mtoto, mahali ambapo muuza genge aliye kilomita tatu mbali anaweza kuisoma. Mvulana huyu aliijua namba kwa kichwa, na bado haikumfaa. Kwa bibi nisingetoa lawama yoyote. Hakuna aliyemwambia, "Mama, simu hii ikiita leo, pokea," na mtu aliyelelewa kuheshimu mali ya mwingine hawezi kubuni ruhusa hiyo peke yake.

Katika utafutaji, kwenda ziwani kwanza kulikuwa sahihi, hata kama mtoto hakuwa huko. Unapokuwa na watu wachache, unaanza na mahali ambapo kuchelewa hakurekebishiki, na mtoto aliye barabarani kati ya watu wazima mia mbili ana nafasi kubwa ya kuonwa kuliko aliye majini. Nimesikia lawama kwamba dakika zile zilipotea. Sikubaliani nazo.

Kupeleka pikipiki kwenye njia ya kilomita 2 peke yake, kwa upande mwingine, kulitokana na kuuliza maswali yasiyo yenyewe. Mama mdogo aliulizwa mtoto amevaa nini, ana urefu gani, alionekana wapi mara ya mwisho. Hakuna aliyemuuliza mtoto alikuwa anataka nini asubuhi hiyo, ingawa yeye na bibi walikuwapo nyumbani usiku aliponuna. Jibu lilikuwa uwanjani tangu saa 2:02, likasubiri hadi saa 2:22 mama mzazi alipofika na kulisema bila kuulizwa. Watoto wanaopoteana na watu wao katika mikusanyiko mara nyingi wanakuwa na mahali wanapokwenda: kwa ndugu, kwa rafiki, kwenye kitu walichokiona. Swali la nguo lina maana penye nguo tofauti.

Uamuzi wa muuza genge unastahili kufundishwa kwa kila mtu wa kituo cha maji. Alimweka mtoto mahali pamoja, panapoonekana, akakataa kumkabidhi kwa mtu asiyemjua, hata mwenye nia njema. Kama angempakia kwenye bodaboda, mtoto angepishana na pikipiki ya kamati, na sasa kungekuwa na watu wawili wa kutafutwa. Aliyoyafanya aliyafanya kwa akili yake. Kamati haikuwa imempa maelekezo yoyote zaidi ya idadi ya vikombe.

Sasa maji. Ukanda huu wa ziwa una kichocho cha tumbo kwa wingi. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaoishi maji ya kina kifupi, hasa penye majani, vikaingia mwilini kwa kupenya ngozi, na havihitaji mtoto anywe maji wala awe na kidonda. Dakika chache za kuchezea ukingoni zinatosha. Vidonge vya kutibu vipo na shuleni hugawiwa, lakini havimkingi mtoto anayerudi majini kesho yake. Ongeza hapo hatari ya kuzama. Kamati ilikuwa na gari la wagonjwa lililoegeshwa upande wa barabara na haikuwa na mtu hata mmoja upande wa ziwa, kwa sababu katika mawazo ya waandaaji mbio huishia kwenye mstari wa kumalizia. Kwa mtoto, sikukuu ndiyo kwanza inaanza hapo: ana jasho, jua limepanda, zawadi zinachelewa kwa sababu ya hotuba, na maji yako mita chache. Kumkataza peke yake hakusaidii.

Mbio zilizofuata

Tarehe 26 Aprili, sikukuu ya Muungano, klabu iliandaa mbio tena kwa mpango uliorekebishwa. Watoto walipewa njia yao wenyewe, mizunguko ndani na pembezoni mwa uwanja, isiyogusana na njia ya watu wazima mahali popote. Waliondoka wa kwanza, wazazi wote wakiwa bado hawajakimbia. Mtoto na mlezi wake walivaa namba moja, yenye simu nyuma. Mgeni rasmi alialikwa kugawa zawadi, si kupuliza filimbi, na kwa jinsi mwaliko ulivyoandikwa kwa heshima hakuona kwamba amepunguziwa kitu. Upande wa ziwa waliwekwa watu wawili wenye filimbi, na karibu na turubai likawekwa tangi la maji ya bomba na mpira wa kumwagilia, ambako watoto walinyunyiziwa hadi wakatosheka. Wachache walikwenda ziwani hata hivyo, na wakarudishwa.

Lililozua ugomvi ni banda la kuwakabidhi watoto. Kanuni ilikuwa kwamba mtoto akimaliza anaingia bandani, na anatoka kwa mtu mwenye namba kama yake tu. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Mzee mmoja ambaye namba yake ilikuwa imedondoka alizuiwa kumchukua mjukuu wake, mtoto akiwa anamwita "Babu!" mbele ya watu wote, na kijana wa mlangoni, kwa shikamoo na kwa kuomba radhi nyingi, akaendelea kukataa hadi binti wa mzee huyo alipofika na namba. Wapo wanakamati walioona kwamba mzee alidhalilishwa na kwamba kanuni ilegezwe kwa watu wanaojulikana mtaani. Wengine walisema anayejulikana ndiye wa kwanza kufuata kanuni, kwa sababu kijana wa mlangoni hawezi kukumbuka nani anajulikana na nani. Kura zilipopigwa kanuni ilibaki, na ikaongezwa kwamba mtu mzima aliyepoteza namba aende kwenye daftari, ambalo sasa lina jina la kila mtoto na majina ya watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua, na kwamba banda liwe na milango miwili na lihamishiwe upande wa kivuli.